Corolla na gunzi

Julai hapa Uyole, Mbeya, ukitaka kuwasha gari alfajiri, kwanza waombe radhi majirani. Corolla langu ni la mwaka 1990. Limemzidi umri fundi wangu, nadhani ndiyo maana halimtii. Angeanza na shikamoo labda wangeelewana.

Ukizungusha ufunguo linalia "nyeee... nyeee..." kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Betri na baridi haviivi, hilo nalijua. Terminali zimeota unga wa kijani, nikazimwagia maji ya moto, zikang'aa. Kuzikaza sasa: spana namba kumi haipo. Namba nane ipo, kumi na mbili ziko mbili, kumi hakuna! Hizi namba kumi huwa zinahamia wapi? Vijana wa bodaboda wakanisukuma, gia ya pili, likashtuka. Buku tano imekwenda na sijafika hata barabarani.

Sasa gari hilohilo lililokuwa linatetemeka, likifika Mlima Nyoka linachemsha! Watu wamevaa makoti na kofia za sufu, mimi nimefungua boneti moshi unafuka, mpaka abiria wa basi wanadhani nachoma mahindi.

Na kila anayesimama ni fundi. Wa kwanza kasema feni, nikabadilisha. Wa pili kasema wota pampu, nikabadilisha. Wa tatu akachomoa themostati, ile vali inayozuia maji ya kupooza injini mpaka ipate moto, akaniwekea kiganjani kama jino: "Bosi, hiki kidude nchi zetu za joto hakina kazi." Nchi zipi za joto? Ameshalala Uyole huyu? Tangu siku hiyo injini haipati moto asubuhi, inabugia petroli kama mwalikwa wa harusi, hita inapuliza barafu, na mlimani linachemsha vilevile.

Jumamosi akapita mzee mmoja aliyeendesha malori ya Tunduma miaka na miaka. Akachungulia rejeta.

"Mwanangu, hili gunzi la nini hapa?"

"Mfuniko mpira wake uliisha, mzee. Nimeziba kwa muda tu."

"Tangu lini?"

"Pasaka."

Alicheka mpaka akashika bampa. "Mkeo akibandika maharage yanaiva saa ngapi?"

"Jioni, mzee."

"Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji mia. Mfuniko ndio unaobana presha yasichemke mapema. Wewe umebana na gunzi!"

Nimenunua mfuniko Mwanjelwa, bei yake haifiki hata robo ya ile pampu. Jana nimepanda Mlima Nyoka, mshale wa joto umetulia kimya. Nikaona sasa nirudishe na themostati, mama watoto apate hita. Nimepekua kabati, droo, mpaka gunia la viazi.

Nimeikuta uvunguni, juu ya mafiga matatu ya kokoto. Binti yangu anampikia mwanasesere wake ugali.

"Baba, usiguse, hayajachemka."