Conan na Kabichi za Mjomba

Majengo, hapa Goma, tulikuwa na banda la video lenye mabenchi ya mbao na jenereta iliyokohoa usiku kucha. Humo ndimo nilimwona Conan le Barbare, yule wa filamu ya mwaka 1982, Arnold Schwarzenegger mwenyewe. Filamu ilisema Kifaransa, na Kifaransa chetu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Haikutusumbua. Conan si mtu wa maneno; anampiga ngamia ngumi, anaendelea na safari. Mchawi naye hahitaji mkalimani. Akigeuka nyoka mbele yako, umeelewa. Na lile joka kubwa lilikuwa la mitambo, si haya ya kompyuta ya siku hizi yasiyo na uzito hata wa paka.

Ila kilichoniharibu ni gurudumu. Conan ni mtoto, kijiji chao kimeteketezwa, amefungwa minyororo asukume gurudumu kubwa la mbao. Wenzake wanapungua mmoja mmoja. Yeye anazunguka tu, kichwa chini, miaka inapita. Anapokiinua, lo, shingo ya fahali! Nikajiuliza: kwetu nani anasukuma mbao kila siku? Mjomba, mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo.

Jumamosi nikamfuata hadi Kibumba kuleta kabichi. Kupanda nilisukuma kwa moyo wote, na kila tulipopumzika nilikagua mikono yangu. Bado ilikuwa vijiti. Nikasema labda inaanzia mgongoni.

Kurudi ni mteremko. Karibu na kwetu Mjomba akakutana na mtu wa deni lake, akaiegemeza chukudu kwa mti, fimbo ndefu ya kuizuia isianguke, akaniambia, "Usiguse kitu, mwana."

Sasa, ule mti ulikuwa umenyooka kama upanga. Na kama unataka kumwita Crom, mungu wa Conan anayekaa mlimani, utapata wapi mahali pazuri kuliko chini ya volkano ya Nyiragongo, moshi wake ukiwa nyuma yako? Nikauchomoa mti. Nikauinua kwa mikono miwili. "Croooom!"

Crom hakujibu. Chukudu ilijibu.

Nikairukia ikiwa tayari inateremka. Breki yake ni kipande cha tairi unachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Mimi nilikikanyaga, nikaacha sandali hapo, mguu ukabaki hewani. Kabichi zikaanza kuruka nyuma yangu. Watoto wa Majengo wakazikimbilia wakipiga kelele, "Barbare! Barbare!" Mbele kulikuwa na ukuta wa mawe ya volkano na, kwa huruma ya Mungu, kabla ya ukuta kulikuwa na mifuko ya makaa ya mama mmoja. Niliingia humo mzimamzima. Nilipotoka, meno tu ndiyo yalionekana.

"We mutoto, uko na wazimu?" mama akauliza. Mjomba akafika, pumzi juu.

"Nani amekutuma?"

"Conan."

"Conan mutoto ya nani? Anaikala avenue gani?"

Nikalia, sikujibu. Akanishika sikio, mtaa hadi mtaa, mpaka bandani. Mwenye banda akacheka hadi akakaa chini, kisha akamwonyesha picha iliyobandikwa mlangoni. Mjomba akaitazama kwa muda mrefu: kifua, upanga, nywele.

"Na huyu hata shimizi hana," akasema. "Kabichi zangu atanilipa na nini?"