Bima kubwa ninayo, kioo nimenunua Gerezani

Nianze na mwizi maana ndiye aliyenipa somo. Ilikuwa masika, mvua haieleweki, nimeenda kichen pati ya mdogo wangu Sinza, gari nimepaki nje ya ukumbi chini ya taa kabisa, mlinzi yupo, nimemwachia na buku mbili ya soda. Saa nne usiku natoka na vyombo vyangu vya zawadi vilivyobaki nakuta kioo cha mlango wa nyuma kushoto hakipo, kiti cha nyuma kimejaa chenga, na lile begi jeusi la mgongoni limeondoka. Mwizi aliona begi jeusi akajua laptop. Ndani kulikuwa na pampasi saba, kopo la maziwa limefika nusu na kanga mbili za mtoto. Nilicheka pale pale nikiwa nimeshika kichwa, nikawaza huyu jamaa anafungua zipu huko alipo.

Cheko likaisha nilipokumbuka mvua. Tukafunika dirisha na nailoni ya keki, tukazungushia selotepu, nikaendesha mpaka Tabata ile nailoni inapiga kelele kama bendera, upepo unaingia, chenga zinadondoka miguuni kila nikikanyaga breki. Lakini moyoni nilikuwa nimetulia, nasema mimi si nina bima kubwa bwana, kesho napiga simu moja tu.

Hapo ndo stori inapoanzia.

Mimi gari yangu, Toyota IST, nimeikatia bima kubwa mwaka wa tatu sasa. Gari imeandikwa thamani ya milioni 14, wananitoza asilimia 3.5, hiyo ni 490,000, na VAT asilimia 18 juu yake inakuwa 578,200. Bima ndogo ningelipa 118,000 nikaendelea na maisha, ila bima ndogo inalipa niliyemgonga, kioo changu haikijui. Ndo maana nikaingia kwenye hii kubwa, na siku nakata wakala wangu, kijana mstaarabu kweli, nilimuuliza kwa mdomo wangu, kaka na vioo vimo? Akasema dada vioo vimo, usiwe na wasiwasi.

Asubuhi nimeenda kituo cha polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa, nimepiga picha za kioo, za kiti, za ile nailoni, nimemtumia wakala kwenye WhatsApp. Akanyamaza kama dakika arobaini hivi. Halafu ikaja voice noti ndefu inayoanza na "dada yangu", na mkishaona voice noti ya mtu wa bima inaanza na dada yangu jueni hapo hakuna hela.

Kumbe vioo vilivyomo ni kioo kimoja. Kile cha mbele. Mkataba wenyewe upo kwa Kiingereza, kurasa kumi na kitu, na kale kakipengele kanakosema kampuni italipia kioo bila kukukata eksesi (nitaieleza hapo chini) na bila kugusa punguzo lako la kutodai kanatumia neno la Kiingereza ambalo maana yake ni kioo cha mbele tu. Sasa sisi Kiswahili chetu kina ukarimu, kioo ni kioo, cha mbele kioo, cha mlangoni kioo, cha kujitazamia unapaka lipstiki kioo, hata simu ikipasuka tunasema kioo. Mimi niliuliza vioo nikimaanisha vyote, yeye alijibu vioo akiwa na kimoja kichwani, na wala sidhani alinidanganya, nadhani na yeye hajawahi kukisoma. Ila mkataba unaohesabika ni ule wa karatasi, maneno yetu ya dukani hayahesabiki.

Ndo hili linaloniuma zaidi ya hela yenyewe. Tunauziwa kwa Kiswahili tunalipwa kwa Kiingereza.

Basi nikamwambia sawa, kama hakimo kwenye kile kipengele cha kioo, si kimo kwenye bima kubwa yenyewe? Nimevunjiwa, nimeibiwa, bima kubwa si ndo kazi yake? Akasema ndiyo dada unaweza kudai kama uharibifu wa kawaida, ruksa kabisa, ila kuna eksesi. Kwa asiyejua, eksesi ni ile hela unayobeba wewe kwanza kabla kampuni haijaweka ya kwake. Kwangu mimi imeandikwa asilimia kumi ya dai lakini haishuki chini ya 250,000. Hiyo "haishuki chini ya" someni mara mbili mbili, maana tukisikia asilimia kumi tunafurahi.

Gereji waliyonielekeza wakanipa makadirio ya kioo kipya na ufundi, 350,000. Asilimia kumi ni 35,000 lakini si nimesema haishuki, kwa hiyo mimi natoa 250,000 na kampuni inatoa 100,000. Nikawaza laki ni laki, bora. Nikiwa nataka kujaza fomu wakala (hapa nampa sifa zake, angeweza kukaa kimya) akaniuliza, dada na noklemu yako je?

Noklemu ni lile punguzo wanalokupa ukikaa mwaka bila kudai. Mimi nilishafika asilimia 20, yaani kwenye 490,000 wananiondolea 98,000, halafu na VAT yake inapungua, jumla naokoa 115,640 kila nikihuisha. Nikidai hata senti moja naanza upya sifuri. Kwa hiyo kampuni inanipa 100,000 mkono wa kulia leo, mwakani inachukua 115,640 mkono wa kushoto, na mwaka unaofuata tena bado sijarudi kwenye asilimia zangu 20. Nilirudia hiyo hesabu kwenye kikokotoo cha simu mara tatu nikidhani nimekosea kuweka nukta.

Na begi? Begi halimo. Bima ya gari ni ya gari, ulichoacha kwenye kiti ni mzigo wako. Pampasi zangu zimekwenda na maji.

Nikafunga ile fomu nikaenda Gerezani.

Kwa wasio wa Dar, Gerezani ni pale jirani na Kariakoo, spea za kila gari unalolijua, ukisimama tu dakika mbili vijana watano wameshakuuliza "gari gani dada, IST? mlango upi?" Na hapa kuna kitu wengi hatukijui kuhusu hivi vioo. Kile cha mbele ni vioo viwili vyembamba vimegandishwa na tabaka la plastiki katikati, ndo maana kikipigwa jiwe kinapata ufa kama utando wa buibui lakini kinabaki kimesimama, na kama ufa ni mdogo kuna mafundi wanauziba. Cha mlangoni ni kioo kimoja kilichopashwa moto sana kikapozwa haraka, kina nguvu lakini kikishindwa kinashindwa chote kwa pamoja, punje punje kama chumvi ya mawe, makusudi kabisa kisikukate koo siku ya ajali. Kwa hiyo cha mlangoni hakizibwi wala hakishonwi, ni kununua kingine tu. Sasa niambieni kwa nini bima imtunze yule anayezibika imwache huyu asiyezibika? Najua jibu lao, cha mbele ndo kinachopigwa mawe barabarani kila siku. Sawa, ila mwizi hapiti mbele.

Nilipata cha mtumba kwa 70,000 baada ya kuanzia 110,000. Fundi 15,000. Jumla 85,000, tena hata ningepanda juu ya paa la kampuni ya bima wasingenipa kitu maana 85,000 haifiki hata kwenye eksesi.

Fundi akafungua lile gamba la ndani la mlango, akainama, akaniita, "Mama njoo uone mzigo wako huku." Chini ya mlango kulikuwa na chenga za kujaa sufuria. Akasema wengi wanaweka kioo kipya bila kuzitoa hizi, baadaye unasikia mlango unalia chakachaka kama kayamba, zinakwaruza kioo kipya na zinaziba yale matundu ya kutolea maji ya mvua mlango unaanza kuoza kwa ndani. Alizitoa kwa mkono na ufagio mdogo, nusu saa nzima, nikamwongeza elfu tano. Mkienda kuweka kioo simameni hapo hapo, chenga zitoke mbele ya macho yenu.

Kasoro mbili zilibaki. Kwanza rangi, vioo vya nyuma vya gari yangu ni vyeusi vya kiwandani, hiki ni cheusi kidogo tu, kwa hiyo gari ukiitazama kwa kushoto kama ina jicho moja lenye mtoto wa jicho. Ya pili niliiona nimeshafika nyumbani. Pembeni chini kimechorwa namba ya gari ya mtu. Si unajua tunavyochora namba kwenye vioo na taa na saiti mira ili wezi wasivutiwe, basi kimechorwa hivyo, T na namba zake na herufi tatu mwishoni. Inawezekana ni gari iliyopata ajali ikachinjwa ikauzwa vipande, mara nyingi ndo huwa hivyo. Inawezekana si hivyo. Mimi mwenye bima kubwa, niliyeibiwa juzi, nimekaa na kioo ambacho siwezi kuapa kimetoka wapi, na nimekifikia kwa sababu njia ya halali ya kioo kipya ingenigharimu karibu mara tatu hata baada ya bima "kunisaidia".

Hapo ndo nawalaumu watu wa bima kwa kweli, na sisemi kampuni moja, nasema biashara nzima. Kuingiza vioo vyote kwenye kale kakipengele si mtihani. Kuna wanaofanya hivyo, nimeulizia baadaye, unaongeza hela kidogo wanakuandikia vioo vyote mpaka kiasi fulani kwa mwaka, huguswi eksesi wala noklemu. Shosti wangu wa Nairobi ananiambia kwao kioo na redio kila kimoja kina kikomo chake kimeandikwa kwa shilingi kwenye ukurasa wa kwanza, ila hata yeye nilipomuuliza cha mlangoni kimo, akasema ngoja niangalie. Mpaka leo anaangalia.

Sasa watu wananiuliza, kwa hiyo bima kubwa haina maana? Hapana, msiniwekee maneno. Gari ikiibiwa nzima, ikiungua, ikilala mtaroni, 85,000 yangu ya kioo ni utani. Na hata kwenye vioo kuna siku inalipa kudai, wakivunja vitatu na kukunja mlango na kung'oa redio, au gari yako ni ya hizi mpya ambazo kioo kimoja ni bei ya pikipiki, hapo dai bila aibu, ila usitengeneze kabla mkaguzi wao hajaiona na usikae wiki nzima ndo utoe taarifa, wanapenda sana hiyo sababu. Na kama aliyekuvunjia kioo ni mwenye gari mwingine, kakurudia rivasi na bodi la fuso lake, usiguse bima yako kabisa, dai kwenye ya kwake, hata kama ana ndogo hiyo ndo kazi yake. Namba ya gari lake unaiangalia kwenye mtandao wa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, unaona kama bima ipo hai, maana stika ya zamani ya karatasi ilikuwa haikuambii kitu. Na wakikuzungusha bila sababu kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ipo kisheria, haikuwekwa kwa ajili ya matajiri tu.

Mwezi uliopita nimehuisha. Safari hii sikuuliza kwa mdomo. Nilimwandikia wakala imeili, kaka, naomba unijibu kwa maandishi, vioo vya milango minne, kile cha nyuma kikubwa na vile vidogo vya pembeni vimo au havimo, mpaka shilingi ngapi, na nikivitumia noklemu yangu inabaki? Alichukua siku mbili. Jibu lilikuja na barua kutoka kampuni, vioo vyote, mpaka 400,000 kwa mwaka, noklemu haiguswi, nyongeza 25,000. Elfu ishirini na tano jamani. Miaka yote mitatu hakuna aliyewahi kunitajia.

Nimeichapisha ile barua iko kwenye dashibodi. Na kama unasoma hapa na uliwahi kuwa na IST namba D, vioo vya nyuma vyeusi kidogo, kioo chako cha kushoto kipo Tabata, nilikinunua mchana kweupe na risiti ninayo, imeandikwa kwa kalamu "kioo 1".