Majibu ya makohozi yarudi zahanati

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha kukusanya takwimu za watafiti wa chuo fulani, na kituo changu kilikuwa zahanati ya kijiji ambako tuliwatoa damu watoto wengi. Nilipopita tena baada ya mwaka na ushei, mganga mfawidhi alinipa kiti, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, yale majibu mlikwenda nayo wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Makala ilikwisha kuchapishwa, kwa Kiingereza, ilhali yeye bado anajaza vitabu vyake vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, bila kujua damu ile ilionyesha nini.

Ndiyo maana nikiulizwa namna chuo kikuu kinavyoweza kuusaidia mfumo wa afya wa mkoa, huanza na panya buku. Tangu mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimekuwa mwenyeji wa APOPO, shirika lililoanzia Ubelgiji, ambalo liliwafunza panya hao kunusa mabomu ya ardhini na baadaye kifua kikuu. Makohozi yaliyokwisha kupimwa vituoni huletwa maabara, hupashwa moto ili vimelea vife, kisha hupangwa chini ya matundu ya kizimba. Panya akikaza pua kwenye tundu moja kwa sekunde chache, sampuli hiyo huchunguzwa upya. Akipatia, hupewa chakula chake. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu mwenye hadubini siku kadhaa.

Wageni humpiga picha panya (naye, kusema kweli, anapendeza), lakini mimi huvutiwa zaidi na safari ya kurudi. Panya hatambui usugu wa dawa, wala hathibitishi ugonjwa peke yake. Pua yake ina faida pale tu jibu linaporudi kituoni upesi, na mgonjwa aliyekwisha kuambiwa hana kifua kikuu akatafutwa mtaani. Wanaomtafuta ni watu wa kujitolea, baadhi yao waliowahi kuugua wakapona, wakiwa na jina na namba ya simu ambayo pengine haipatikani.

Tafiti nyingi hukatikia kabla ya hatua hiyo, na sishangai, kwa kuwa mhadhiri hupanda cheo kwa makala, si kwa jibu lililofika zahanati. Kwa maoni yangu, kamati ya maadili isipitishe andiko la utafiti lisilo na fungu la kurudisha matokeo, kwa Kiswahili, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa kituo kilichotoa sampuli. Gharama yake ni kurasa mbili tatu, nauli ya bodaboda, na mtu wa kukaa na mganga mfawidhi mchana mmoja wakizisoma pamoja.