Saa za Usukani na Saa za Foleni

Lori lenye shehena linapoacha njia katika mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, maelezo ya kwanza aghalabu huwa kwamba breki zimekataa. Maelezo hayo huenda yakawa ya kweli, lakini hayafiki kwenye chanzo, kwa kuwa breki hupata moto pale dereva anapozitegemea badala ya kushuka kwa gia nzito tangu juu ya mlima, na uamuzi huo wa mapema ndio unaomponyoka kwa urahisi mtu asiyelala.

Wanaotaka saa za udereva ziwekewe kikomo wana hoja nzito. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo wala zaidi ya saa 9 kwa siku. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900. Hata kama lori lingekwenda kilomita 80 kwa saa bila kupunguza mwendo popote, safari ingezidi saa 11. Anayeimaliza bila kulala huenda akafika akiwa ameendesha kati ya saa 8 usiku na alfajiri, wakati ambao mwili hudai usingizi kwa nguvu zaidi.

Wenye malori nao hawasemi ovyo. Dereva wa pili ni mshahara wa pili, na shaba ya Kongo inaweza kupelekwa bandari za Beira au Durban gharama zikipanda katika njia hii ya Dar es Salaam. Hata dereva mwenyewe, anayelipwa kwa safari, huona kila usiku wa kusimama unamla posho, na akiegesha pasipo na mlinzi huenda akaamka mafuta yamenyonywa. Wapo wanaomwachia utingo usukani ili wapate lepe la usingizi, jambo la hatari kuliko uchovu wenyewe.

Kwangu mimi, kikomo kinahitajika, ila kinaweza kuwekwa vibaya. Katika foleni ya Tunduma dereva haendeshi, lakini hapumziki pia: gari husogea hatua chache, naye hukesha akilinda mzigo na kufuatilia nyaraka. Sheria inayohesabu mwendo wa magurudumu tu itamruhusu mtu huyo aanze safari asubuhi akiwa na saa 9 kamili mkononi, aipite Mbeya na Makambako, aukabili mteremko wa Kitonga jioni bila kuvunja kifungu chochote. Saa zihesabiwe tangu anapokabidhiwa gari, foleni ikiwemo. Ukaguzi hauhitaji vituo vipya, kwani malori husimama tayari kwenye mizani ya Mpemba, Makambako na Wenda, ambako kumbukumbu za safari zingeweza kusomwa pamoja na uzito. Faini imfuate anayepanga ratiba, na pembeni ya mizani hiyo pawepo maegesho yenye ulinzi, kwa sababu dereva atakayeamriwa kulala anahitaji mahali pa kulala.