Fao la Ulemavu na Viza ya Mke

Tuseme ni dada wa Mombasa, kaolewa Leicester, Uingereza, miguu haina nguvu tangu utotoni. Kiti chake cha magurudumu ni cha betri. Kisipochajiwa usiku, kesho hatoki. Mita ya nyumbani ni ya kulipia kabla, kama LUKU. Salio likiisha kabla ya mshahara, kiti nacho kimekwama.

Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1. Serikali ikapunguza bili ya umeme kwa pauni 400 kwa kila kaya, bila kuuliza nani ana pasipoti gani. Lakini pauni nyingine 150, za watu wenye ulemavu, zilikwenda kwa waliokuwa tayari wanapokea mafao kama PIP, fao la gharama za ziada za ulemavu. Dada huyu hapokei. Viza yake, kama viza nyingi za muda, inamkataza mafao ya umma.

Wanaotetea katazo hili, lililomo katika sheria ya uhamiaji ya 1999, wana hoja. Mgeni aliingia kwa ahadi ya kujitegemea, na mlipa kodi naye bei zimemkaba. Mwaka 2025 serikali ilitaka kuibana PIP hata kwa raia, mpaka wabunge wa chama chake walipogoma. Raia anayehofia fao lake utamwambiaje kwamba foleni inarefushwa?

Siidharau hoja hiyo, ila inapwaya mahali pamoja: PIP si posho ya asiye na kazi. Hulipwa hata mwenye mshahara, kwa sababu ulemavu wenyewe una bei: umeme wa kiti, teksi pale basi lisipofaa, mtu wa kukusaidia kuoga. Dada huyu hata afanye kazi kutwa na kulipa kodi, gharama hizo haziondoki. Na akiongeza muda wa viza anadaiwa ada ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024. Ndiyo maana naona PIP ingetolewa kwenye orodha ya makatazo. Mafao ya nyumba na ya wasio na ajira tuendelee kuyabishania.

Mlango mmoja upo wazi. Huduma za Care Act ya 2014, sheria ya matunzo ya watu wazima, hazihesabiwi kuwa mafao ya umma, kwa hiyo halmashauri inaweza kumpima mahitaji na kumletea msaidizi. Shida ni hofu: ukiambiwa usiguse, huulizi kipi kinaguswa. Basi anayemwogesha ni mume, anayejaza mita ni mume, na viza yenyewe inasimama juu ya ndoa. Wakigombana Jumatatu, Jumanne nani atakwenda dukani kununua umeme?