Njia Moja na Jibu Moja: Ufinyu wa Gemu za Bunduki Uko Wapi?

Mchezaji wa gemu ya bunduki ya Doom ya 1993 hamalizi dakika mbili kabla hajapita kando ya dirisha. Nje ya dirisha kuna ua, na uani kuna deraya ya buluu, ile inayokinga kuliko ya kijani. Anaiona, lakini njia ya kuifikia haioni. Anaendelea na safari, anapigana, anavuka chumba chenye daraja la kona kona, na huko mbele, kama ni mtu wa kupapasa kuta, anagundua njia ya siri inayomrudisha uani. Ramani ikiisha, gemu inamhesabia asilimia: maadui aliowaua, vitu alivyookota, siri alizozifumbua. Aliyekimbia moja kwa moja hadi kwenye swichi ya mwisho naye ameshinda, ila matokeo yanamwambia kuna kitu amekiacha nyuma.

Wapenzi wa gemu za bunduki za nafsi ya kwanza, zile ambazo unachokiona ni mikono na mtutu wako tu, wamekuwa wakivutana kwa miaka mingi juu ya jambo hili. Kuna wanaotaka ramani pana ya kuzurura, na kuna wanaotaka barabara moja iliyopangwa vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi naona pande zote mbili zinatazama kuta mno. Gemu inaweza kukubana katika uwanja usio na mwisho, na inaweza kukuacha huru ndani ya korido. Anayeamua hilo mara nyingi ni adui uliyewekewa mbele yako.

Lakini kwanza barabara moja ipewe haki yake. Half-Life ya 1998 karibu yote ni njia moja kupitia maabara ya Black Mesa. Hakuna ramani ya kufungua wala kazi za pembeni, na hadithi haikatizwi na filamu. Kila kitu kinatokea ukiwa ndani ya macho ya Gordon Freeman, mhusika unayemchezea. Kwa sababu Valve, walioitengeneza, walijua utatokea mlango gani na saa ngapi, waliweza kupanga hofu, ukimya na mshtuko kwa kipimo. Kuna sura moja yenye shimo kubwa, na ndani yake kiumbe chenye minyiri mirefu ambacho hakioni, kinasikia tu. Ukikimbia, unauawa. Ukirusha guruneti upande wa pili, minyiri inagonga kule kwenye kishindo, nawe unanyata hadi mlangoni. Shimo ni lile lile na milango ni ile ile kwa kila mchezaji, na bado kila anayepita anahisi kwamba uamuzi ulikuwa wake.

Barabara moja pia inaheshimu muda wa mtu. Nilizifahamu gemu hizi kwenye kibanda cha gemu, kwa kulipia saa, na wanaocheza hivyo bado wapo wengi. Saa moja ya Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007 ilinipa misheni nzima, yenye mwanzo na kilele. Ile ya kutambaa kwenye majani karibu na Pripyat, mji uliohamwa wa Ukraine, nyuma ya kiongozi wako MacMillan, huku kikosi cha adui kikipita hatua chache kutoka ulipolala, ingekufa kabisa kama ningeruhusiwa kuondoka kwenda kutafuta hazina mlimani.

Gemu hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi ubaya wa barabara. Ukitoa misheni chache za pekee kama ile ya Pripyat, adui wake ni mtu mwenye bunduki aliyejibanza nyuma ya ukuta, kisha mwingine, kisha mwingine tena, na mbwa mara moja moja. Sehemu nyingi maadui hawamaliziki: unawaua, wanatoka wengine, hadi wewe mwenyewe uvuke mstari usioonekana ndipo wanakoma. Ustadi wako wa kulenga hauna thamani pale. Kinachotakiwa ni usogee mbele. Hapo korido imeshaingia hadi kwenye mapigano yenyewe, na ndiyo maana wengi waliichoka, hata waliokuwa wakiipenda.

Je, kupanua ramani ni dawa? Mwaka uliofuata Ubisoft walitoa Far Cry 2, iliyowekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, yenye mbuga, jangwa na msitu. Mengi ndani yake nayapenda kwa moyo wote: bunduki iliyochakaa inakwama katikati ya vita, moto unashika nyasi kavu na kusambaa kufuata upepo, malaria inakupanda usipokuwa na vidonge. Kuna almasi zilizofichwa, na kifaa chenye taa ya kijani kinachowaka haraka zaidi kadiri unavyozikaribia. Huo ni upekuzi wa kweli. Lakini maadui wote ni mamluki walewale, wenye magari yaleyale na bunduki za mtindo uleule, na vituo vyao vya barabarani ukivisafisha asubuhi, jioni ukirudi vimejaa tena. Matokeo yake, upana unageuka adhabu. Baada ya saa kumi hivi nilikuwa nazunguka porini ili nikwepe vituo. Sikuvikwepa kwa hofu. Nilishajua kila kitakachotokea pale kabla sijafika.

Rudi sasa kwenye Doom. Aina zake za maadui ni kama kumi tu, lakini kila mmoja anadai nafasi kwa namna yake. Askari mfu anakupiga risasi papo hapo, kwa hiyo unatafuta kona. Imp anarusha moto unaoweza kuukwepa kwa kusogea pembeni. Pinky hana silaha, anakuja kukung'ata, basi unahitaji uwazi wa kurudi nyuma. Cacodemon anaelea, kwa hiyo shimo lililokuzuia wewe halimzuii yeye. Kizuri zaidi ni kwamba moto wa Imp ukimpata Cacodemon, Cacodemon anamgeukia Imp, na mchezaji mjanja anajipenyeza kati yao makusudi, anachomoka, anawaacha wamalizane. Doom II ya 1994 ikamleta Arch-vile, anayewafufua wenzake waliokufa, na ghafla maiti ulizoziacha nyuma zikawa sehemu ya ramani unayopaswa kuifikiria. Ndiyo maana nasema huwezi kutenganisha mjadala wa aina za maadui na ule wa upekuzi. Chumba kile kile cha mraba ni vyumba vinne tofauti kutegemea nani yumo.

Hapa kuna pingamizi zito, nalo ni F.E.A.R. ya 2005. Karibu gemu nzima unapigana na wanajeshi wa namna moja, ndani ya ofisi na maghala yanayofanana, na bado mapigano yake yanasifiwa hadi leo. Siri yake ni kwamba watengenezaji wake, Monolith, waliwapa askari hao malengo na orodha ya vitendo, kisha wakawaacha wapange wenyewe njia ya kuyafikia. Askari anapindua meza ajikinge, anaruka dirisha, anazunguka kukujia kwa ubavuni, na wanapigiana kelele kuelezana wanachokifanya. Nakubali, basi, kwamba kuhesabu sura za maadui hakutoshi. Adui mmoja mwenye tabia nyingi anaweza kumzidi kumi waliotofautiana rangi tu. Hata hivyo ofisi zile zinachosha, na nadhani hata mashabiki wake wakubwa wanakumbuka mapigano kuliko wanavyokumbuka mahali yalipotokea.

Halafu kuna Doom Eternal ya 2020, ambayo inanisumbua kuliko zote kwa sababu naipenda. Maadui wake ni wengi na wa aina nyingi kweli. Lakini kila mmoja amewekewa jibu. Cacodemon unamtupia guruneti mdomoni. Arachnotron unamvunja mzinga wake wa mgongoni. Marauder unakaa naye umbali wa wastani, unasubiri macho yake yawake kijani, ndipo unapiga. Unapokutana na adui mpya, maandishi yanakutokea kwenye skrini kukueleza udhaifu wake, isipokuwa kama umeyazima. Wanaoitetea wana hoja nzuri: bila mpango huo, watu wangecheza gemu nzima kwa shotigani moja, na raha ya kubadilisha silaha tatu ndani ya sekunde mbili wasingeijua kamwe. Nimeionja raha hiyo, ni kubwa. Ila nikikutana na Marauder najihisi niko tena kwenye barabara moja, safari hii barabara ya majibu. Ramani imejaa majukwaa na siri, mlango mmoja tu ndio unaofunguka.

Mfananishe Marauder na Hunter, adui wa gemu ya Halo ya 2001. Naye ana udhaifu mmoja mkubwa, mgongo wa rangi ya chungwa ambao risasi moja ya bastola inatosha kumwangusha. Lakini gemu haikuandikii hilo kwenye skrini, na hata ukilijua bado unaweza kumlipua, kumgonga kwa gari au kumkimbia. Wadogo zake, Grunt, wanatimua mbio wakiona Elite anayewaongoza ameanguka, kwa hiyo nani umpige kwanza ni swali unalojibu upya kila mara. Halo ina makosa yake. Ile sura ya maktaba, yenye sakafu zinazojirudia na mawimbi ya viumbe waitwao Flood, inachosha hadi leo. Lakini katika ile sura ya kisiwa, The Silent Cartographer, unashuka ufuoni chini ya risasi, unaletewa gari, na kisiwa kizima kinakuzunguka. Kazi ni zile zile kwa kila mtu. Upande wa kupitia, silaha ya kubeba na askari wa kuwapakia garini ni juu yako. Mtu akiniuliza gemu za bunduki zina nini, humfungulia sura hiyo, nikamkabidhi pedi, nikanyamaza nione atageuza usukani kulia au kushoto.