Fao la kukosa ajira linalisha mtaa mzima

Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, alikuwa mhasibu kwenye kampuni ya ujenzi, mradi ukaisha wakapunguzwa. Mshahara wake ulikuwa laki sita, michango alikuwa nayo ya miaka mitatu, akafuatilia fao la kukosa ajira NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, akalipata. Ukiwa umechangia kuanzia miezi 18 na kazi imeisha bila wewe kuacha mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, yani kwake ni kama laki mbili kwa mwezi.

Sasa kuna watu wanasema hela hizi zinalemaza, hapo nabisha kabisa. Toa kodi ya chumba, luku, maji, unga, nani atalala na hiyo inayobaki? Halafu nimeona kwa macho, ile hela haikumaliza hata wiki mkononi mwake, ilienda kwa mangi wa duka kupunguza deni la daftari, ikaenda kwa mama wa genge na boda anayepeleka mtoto shule, mangi naye kesho yake yuko soko la Majengo anafungasha mzigo. Marekani wana bima hii tangu sheria ya 1935, na uchumi ulipoyumba baada ya 2008 kuna majimbo mtu alilipwa hadi wiki 99, maana waliopoteza kazi wakiacha kununua, muuzaji naye anapunguza watu, shida inazaa shida. Ni kweli muda ukiwa mrefu mtu anaweza kuchelewa kukubali kazi ya kwanza inayokuja, ila hizi zetu ni miezi 6 tu jamani na ni theluthi ya mshahara!

Kinachoniuma mimi ni michango isiyofika. Kampuni niliyokuwepo ilinikata kila mwezi, kwenye karatasi ya mshahara inaonekana kabisa, nimeachishwa naenda kuangalia, miezi 11 haipo. Iliyobaki haikufika 18, sikuwa na fao, nikaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na pale mtaani nikaacha kununua kabisa, hata nyanya za mafungu. Na boda na mama lishe ndo kabisa, hawana mwajiri wa kuwachangia wala wa kuwapa barua ya kuachishwa kazi.

Jirani mwezi wa tano wa kulipwa fao akapata kazi mtaa wa Kisasa, daftari lake halina deni. Langu mangi alikuwa ananidai laki na themanini.